Mwongozo kamili: jinsi ya kujua kama ukuta wako wa matofali wenye insulesheni utatengeneza maji ndani kwa ndani

Wengi wakijaribu kukagua hii kitu wanakwama palepale. Wanapima unyevu wa chumba, wanashika ukuta kwa mkono, wanaona mkavu, basi wanasema kuko salama. Sasa maji yenyewe hayako pale usoni, yako nyuma ya insulesheni (lile tabaka la kuzuia joto lisipite) pale inapokutana na tofali, na hapo hakuna anayepaona mpaka harufu ya uvundo ianze au rangi ianze kubabuka. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu ni kukufikisha kwenye huo mpaka kwa hesabu, kabla hujaubomoa ukuta kwa nyundo.

Vitu vya kuwa navyo

- Haigrometa mbili zinazosoma joto na unyevu, moja ya ndani moja ya nje. Zile zinazorekodi zenyewe ndo nzuri, maana usiku utakuwa umelala na usiku ndo muhimu.
- Kipimajoto cha infraredi, kile cha kulenga kama bastola.
- Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, na tepu nyingine isiyopitisha maji.
- Foili ya jikoni au nailoni nzito inayoonyesha.
- Tepu ya kupimia, na drili yenye biti ndogo kama hujui ukuta umejengwaje.
- Karatasi za vipimo kutoka kwa watengenezaji wa vifaa vyako. Unatafuta namba mbili tu, lamda (jinsi kifaa kinavyopitisha joto) na miu (jinsi kinavyogomea mvuke).
- Kalkuleta ya simu au spredishiti.

Haigrometa za bei rahisi zinadanganya, zijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iloane bila kuyeyuka yote, funga pamoja na haigrometa ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, acha mpaka kesho yake. Inatakiwa isome 75%. Ikisoma 70 basi kila ukiisoma jumlisha 5. Ikiwa imepotea zaidi ya hapo nunua nyingine tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mvuke na sio maji mengine

Ukiruka hapa kila kinachofuata ni bure, maana ukuta unaweza kulowa kwa mvua inayopigwa na upepo, kwa maji yanayopanda kutoka ardhini, au kwa bomba linalovuja taratibu, na hakuna hesabu ya mvuke itakayokuonyesha hivyo.

Maji ya ardhini hukaa chini, kwa kawaida hayazidi mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Mvua huonekana upande mmoja wa nyumba na doa linakua siku moja au mbili baada ya kunyesha. Bomba halijali msimu. Mvuke wenyewe unapenda kona, nyuma ya kabati, juu ya linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha), na unazidi wakati wa baridi.

Kama bado huna uhakika, kata kipande cha foili cha sentimita 30 kwa 30, kibandike kwenye ukuta na uzibe pande zote nne kwa tepu isiyopitisha maji. Kaa nacho siku mbili tatu. Ukikuta maji upande wa chumba, hewa ya chumba ndo inajibana pale. Ukikibandua ukakuta maji upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Tahadhari: usihukumu kwa kile kipima unyevu chenye pini mbili. Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mbao, ukikichoma kwenye plasta yenye chumvi kinapandisha namba hata kama ukuta ni mkavu. Kitumie kulinganisha sehemu na sehemu tu, usiamini namba yenyewe.

## Hatua ya 2: Rekodi hewa ya ndani na ya nje

Weka haigrometa ya ndani katikati ya chumba, mbali na dirisha, jiko na jua. Ya nje iwe kivulini. Acha zirekodi angalau wiki moja, na iwe wiki ya msimu mbaya, yaani ile ya baridi zaidi kama unapasha nyumba joto, au ile ya joto na unyevu mwingi kama unatumia kiyoyozi. Kipimo kimoja cha saa saba mchana hakikuambii kitu.

Alafu badilisha asilimia kuwa paskali, yaani mgandamizo wa mvuke. Hapa ndo watu wanachoka wanaruka, msiruke jamani. Asilimia ya unyevu haisafiri ndani ya ukuta, kinachosukuma mvuke ni tofauti ya paskali kati ya upande na upande. Hewa ya digrii 0 yenye unyevu 90% ina mvuke mchache kuliko hewa ya digrii 20 yenye 60%, japo asilimia zinakuonyesha kinyume.

Hiki ndo kiwango cha juu kabisa ambacho hewa inabeba kwa kila joto:

- digrii 0: paskali 611
- digrii 5: 872
- digrii 10: 1228
- digrii 12: 1402
- digrii 15: 1705
- digrii 18: 2063
- digrii 20: 2337
- digrii 25: 3167
- digrii 30: 4243

Kwa joto la katikati, kuanzia 0 kwenda juu, tumia 610.5 × e^(17.269 × T ÷ (237.3 + T)), T ni joto kwa digrii, na e^ ni kile kitufe cha e^x kwenye kalkuleta.

Mfano tutakaobaki nao mpaka mwisho: ndani digrii 20 na unyevu 60%, nje digrii 0 na 90%. Ndani ni 2337 × 0.6 = 1402. Nje ni 611 × 0.9 = 550. Ukirudi kwenye orodha, 1402 inalingana na digrii 12, na hilo ndo joto la umande la chumba hiki, yaani chochote chenye digrii 12 kushuka chini kitatoka jasho kikiguswa na hii hewa.

Umefanikiwa hapa kama una namba nne: joto la ndani, joto la nje, paskali za ndani, paskali za nje.

## Hatua ya 3: Chora ukuta tabaka kwa tabaka

Anza ndani kwenda nje, usiache kitu, hata rangi ya mafuta na wolpepa ya plastiki viandike, maana vyembamba hivyo ndo mara nyingi vinaamua mchezo. Kama hujui kilichomo toboa tundu dogo sehemu iliyofichika. Kabla ya kutoboa hakikisha hakuna waya wala bomba.

Kwa kila tabaka unahitaji vitu viwili:

1. Ukinzani wa joto = unene kwa mita ÷ lamda.
2. Ukinzani wa mvuke = unene kwa mita × miu. Jibu linakuja kwa mita, maana yake tabaka hili linagoma sawa na hewa tulivu ya unene huo.

Ukuta wetu wa mfano ni tofali la milimita 220, umewekewa insulesheni ya rokwulu (sufi ya mawe) milimita 50 kwa ndani, kisha bodi ya jipsamu ya milimita 12.5.

- Bodi ya jipsamu: lamda 0.25, miu 10. Joto 0.05, mvuke mita 0.125.
- Rokwulu: lamda 0.035, miu 1. Joto 1.43, mvuke mita 0.05.
- Tofali: lamda 0.77, miu 10. Joto 0.286, mvuke mita 2.2.

Ongeza na ile hewa iliyolala juu ya uso wa ukuta: 0.13 kwa ndani na 0.04 kwa nje, hizi ni za joto tu, kwenye mvuke hazihesabiwi.

Angalia hizo namba vizuri kabla hujaendelea. Rokwulu inabeba karibu robo tatu ya ukinzani wote wa joto lakini kwenye mvuke haifanyi lolote, mvuke unapita kama haupo. Tatizo zima liko hapo.

## Hatua ya 4: Tafuta joto la kila mpaka

Jumla ya ukinzani wa joto ni 0.13 + 0.05 + 1.43 + 0.286 + 0.04 = 1.94 hivi. Tofauti ya joto ni digrii 20. Gawanya 20 kwa 1.94 unapata 10.3, hiyo ni wati zinazopita kila mita ya mraba. Sasa kila tabaka unazidisha ukinzani wake kwa 10.3 unapata digrii zinazopotea pale.

- Uso wa ndani: 20 − 1.3 = 18.7
- Nyuma ya jipsamu: 18.1
- Kati ya rokwulu na tofali: 3.4
- Uso wa nje: 0.4

Uso wa chumba una digrii 18.7, mkono ukigusa unaona raha kabisa. Lakini sentimita sita tu ndani, tofali lina digrii 3.4. Kabla ya insulesheni kuwekwa tofali lilikuwa linapata joto la chumba, sasa umelinyima, limebaki na baridi ya nje peke yake. Ndo maana nyumba inaweza kuwa haina shida miaka yote ikaanza kuoza baada ya kuboreshwa.

Kujihakiki: ukifika mwisho lazima ubaki na joto la nje. Ukipata tofauti zaidi ya nusu digrii kuna tabaka umelisahau.

## Hatua ya 5: Tafuta mvuke wa kila mpaka, alafu linganisha

Jumla ya ukinzani wa mvuke ni 0.125 + 0.05 + 2.2 = mita 2.375. Tofauti ya mgandamizo ni 1402 − 550 = 852.

Mpaka tunaouogopa ni ule wa rokwulu na tofali. Kufika pale mvuke umevuka mita 0.175 tu kati ya 2.375. Kwa hiyo umepoteza 852 × 0.175 ÷ 2.375 = 63. Umebaki na 1402 − 63 = paskali 1339.

Hewa ya digrii 3.4 inabeba mwisho 780 hivi. Inatakiwa kubeba 1339, haiwezi, ziada inageuka maji juu ya tofali.

Hiyo ndo hukumu. Kanuni ni moja kwa kila mpaka: mgandamizo uliopo ukizidi ule wa mwisho kwa joto hilo, kuna maji. Ukiwa chini, pamekauka. Ukiwa karibu sana, tuseme zaidi ya asilimia 80 ya mwisho, maji yanaweza yasiwepo lakini kuvu haihitaji maji, unyevu wa 80% ukikaa siku kadhaa unaitosha.

Ni maji kiasi gani? Mvuke unaoingia ni (1402 − 780) ÷ 0.175 na unaotoka ni (780 − 550) ÷ 2.2. Toa wa pili kwenye wa kwanza, zidisha kwa 0.0000000002 (ndo kiasi hewa inavyopitisha mvuke kwa sekunde), alafu zidisha kwa sekunde 86,400 za siku. Inakuja kilo 0.06, yaani gramu 60 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukuta wa mita 10 za mraba ni zaidi ya nusu lita kila siku, na hakuna aliyemwaga kitu.

Kweli tofali linanyonya, halidondoshi papo hapo, na msimu ukigeuka linakauka. Kwa hiyo kwenye ISO 13788, kiwango cha kimataifa cha hesabu hizi, hesabu hii hurudiwa kwa kila mwezi wa mwaka, unaona maji yaliyoingia miezi mibaya kama yote yanatoka miezi mizuri. Yakibaki hata kidogo mwisho wa mwaka, mwaka unaofuata yanaongezeka juu yake. Fanya spredishiti ya mistari 12, kazi yake haizidi saa moja ukishaelewa mfano huu.

## Hatua ya 6: Kagua kona, linta na slabu kwa kipimajoto

Hesabu ya juu ni ya ukuta mnyoofu. Kona, pembeni mwa madirisha, linta za zege na ncha za slabu zina njia zao za kupoteza joto, na hapo unapima badala ya kukokotoa.

Fanya alfajiri, chumba kikiwa na joto lake la kawaida na nje kuwe na baridi, tofauti iwe angalau digrii 10. Lenga kona ukiwa karibu. Kwenye chuma au sehemu yoyote inayong'aa bandika kwanza kipande cha tepu ya karatasi, subiri dakika chache, ulenge tepu, vinginevyo infraredi itakusomea joto la vitu vinavyojiakisi pale.

Alafu: (joto la kona − joto la nje) ÷ (joto la ndani − joto la nje). Mfano kona ina 14, nje 5, ndani 20. Ni 9 ÷ 15 = 0.6. Kwa nyumba za kuishi kipimo kinachotumika sana ni 0.75 kwenda juu. Hii ya 0.6 ni kona inayosubiri kuvu, na ukiweka kabati mbele yake unaiharakisha kwa sababu hewa ya joto haifiki tena.

Kwa chumba chetu cha digrii 20 na 60%, kuvu inapata nafasi uso ukishuka chini ya digrii 15.4, wakati maji ya kuonekana yanasubiri mpaka 12. Watu wanaosubiri kuona matone wanachelewa kwa hizo digrii tatu na zaidi.

## Hatua ya 7: Jaribu suluhisho kwenye karatasi kabla ya kununua

Rudia hatua ya 3 mpaka ya 5 ukibadilisha kitu kimoja kimoja.

Nailoni upande wa ndani. Weka kizuizi chenye ukinzani wa mita 50 kati ya jipsamu na rokwulu. Mvuke unaofika kwenye tofali unashuka mpaka paskali 586, na uwezo ni 780. Pamekauka. Lakini sasa ukuta hauwezi kukaukia ndani, kama tofali lako linapigwa na mvua sana umefungia maji upande wa pili. Kwenye ukuta wa namna hiyo mimi ningetumia ile membreni (utando mwembamba) inayojifungua unyevu ukipanda, japo ni ghali, au nisiweke insulesheni ya ndani kabisa mpaka mvua idhibitiwe.

Insulesheni nje. Hamisha rokwulu ileile nje ya tofali, juu yake plasta ya milimita 10 yenye miu 20, ndani weka plasta ya kawaida ya jipsamu. Tofali sasa lina digrii 15 upande wake wa baridi, mvuke pale ni 633 dhidi ya uwezo wa 1700 na kitu. Safi sana. Mpaka wa kuangalia umehamia nyuma ya plasta ya nje, una 616 dhidi ya 634, yaani umepona kwa kukwaruza. Ukipaka juu yake rangi ya plastiki nzito, ukinzani wa nje ukafika mita 1, mvuke unapanda mpaka 800 na maji yanatokea. Ndo maana fundi akikuambia rangi yoyote ni sawa, muulize miu yake.

Kiyoyozi na joto la nje. Hapa kila kitu kinageuka, mvuke unatoka nje kuja ndani. Nje digrii 32 na 75% ni paskali 3566 hivi, umande wake ni digrii 27. Ndani umeweka 22. Ukiwa na ile nailoni ya ndani, joto lake ni 23 hivi na mvuke unaoifikia kutoka nje ni karibu wote, maji yanajaa nyuma yake. Wolpepa ya plastiki inafanya vilevile. Kwa mazingira hayo kinachozuia mvuke kinakaa upande wa nje, na ndani unaacha wazi upumue.

## Hatua ya 8: Tafuta hewa inayovuja

Hesabu yote hapo juu inadhani mvuke unapenya vifaa polepole. Tundu la soketi, ufa juu ya dari au nailoni iliyopishana bila tepu vinapitisha mvuke mwingi kuliko ukuta mzima mzuri. Siku ya upepo zima feni, funga madirisha, pitisha mkono uliolowa au moshi wa ubani kwenye soketi, skatingi (ubao wa chini ya ukuta) na kingo za madirisha. Moshi ukicheza, ziba kwanza alafu ndo uzungumzie miu.

Ncha za mbao zilizoingia ndani ya tofali ziangalie peke yake. Ukiweka insulesheni ya ndani zinabaki kwenye baridi, na mbao inayokaa na unyevu zaidi ya 20% iko njiani kuoza. Hapo kile kipima cha pini kinafaa, maana ni mbao.

Kama ukuta una mvua nyingi, mbao ndani, mawe ya zamani yenye chumvi, au matokeo yako yako mpakani, usitegemee hesabu hii, haijui mvua wala tofali linavyonyonya. Tafuta mtu wa kuifanya kwa njia ya EN 15026 (kiwango cha Ulaya) inayofuata saa kwa saa, WUFI ni mojawapo ya programu za kazi hiyo.

## Hatua ya 9: Acha sensa ndani

Ukishaamua na kujenga, pitisha sensa ndogo ya unyevu kwenye ule mpaka wa insulesheni na tofali kabla ya kufunga bodi, sehemu yenye baridi zaidi, mara nyingi ukuta usiopata jua. Miezi ya kwanza itasoma juu kwa sababu plasta na zege vina maji ya ujenzi, usishtuke. Unachotaka ni mstari unaoshuka, na msimu mbaya wa pili usivuke 80% kwa wiki nyingi mfululizo. Ukivuka na kukaa pale, anza na unyevu wa chumba: feni ya jikoni na bafuni inayotoa hewa nje, nguo zisianikwe ndani. Kwenye mfano wetu kushusha chumba kutoka 60% mpaka 45% kunapunguza mvuke wa ndani kutoka 1402 mpaka 1052, bado hautoshi kuuokoa ule ukuta usio na nailoni lakini maji yanayoingia yanapungua zaidi ya nusu, unapata muda wa kupanga matengenezo bila kuvunja kitu leo.